Mshono Usioonekana: Upi kwa Buibui, Upi kwa Satini, Upi kwa Chifoni?

Mteja mmoja aliwahi kuniletea kwa siku moja vitu vinne: buibui la krepi lililomzidi kwa vidole vitatu, gauni la satini la kuvaa arusini, suruali ya suti aliyoinunua kwenye mitumba ya Kongowea hapa Mombasa, na mtandio wa chifoni uliokatwa tu kutoka kwenye jora. Juu ya kila kimoja alisema neno lile lile: "Fundi, upindo usionekane." Ombi lilikuwa moja lakini kazi zilikuwa nne, kwa sababu mshono unaojificha vizuri ndani ya krepi hujitangaza kwenye satini, na ule unaoifaa suruali, ukiuweka kwenye chifoni, utaonekana kama kamba iliyopita nyuma ya pazia. Hapa ninailinganisha mishono ya mkono inayotumika kumalizia nguo bila kuacha alama upande wa nje, ili mwenye sindano na kitambaa mbele yake ajue aushike upi na auache upi.

Kabla ya kutunga uzi kuna mambo matatu ya kujiuliza. La kwanza ni unene wa kitambaa: je, sindano inaweza kuchukua nusu ya unene huo bila kutokeza upande wa pili? La pili ni mvuto: je, upindo utanyooshwa na hatua za mvaaji na kukanyagwa na kisigino, au utaning'inia tu? La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni upande wa ndani. Buibui lililo wazi mbele huonyesha ndani yake kila upepo wa kusi unapovuma pale kivukoni Likoni, ilhali ndani ya mguu wa suruali hakuna atakayepachungulia. Ukiyajibu matatu hayo kwa ukweli, mishono miwili au mitatu hujiondoa yenyewe na uchaguzi hubaki mdogo.

Majina ya mishono hii hayajatulia miongoni mwa mafundi wetu, na fundi wa Majengo anaweza kuuita mshono mmoja kwa jina ambalo fundi wa Mji wa Kale analitumia kwa mwingine. Kwa hiyo nitaupa kila mshono jina linalotokana na mwendo wa sindano, na nitaueleza mwendo wenyewe, asije mtu akapotezwa na jina.

Kupenyeza au kuficha ndani

Mishono miwili inayochanganywa kuliko yote ni wa kupenyeza na wa kuficha ndani, na tofauti yake ndiyo inayoamua kazi nyingi za nguo za mwambao.

Katika mshono wa kupenyeza, upindo hukunjwa mara mbili na ukingo uliokatwa ukafungiwa ndani. Sindano huingia ndani ya mkunjo, husafiri humo milimita 5 hadi 8, hutoka, hudona uzi mmoja au nyuzi mbili za kitambaa cha nje mkabala na pale ilipotokea, kisha hurudi ndani ya mkunjo. Uzi hukaa ndani ya mkunjo karibu safari yake yote, kwa hiyo hauonekani nje wala ndani. Huu ndio mshono pekee kati ya hii ya pindo ambao unaweza kuigeuza nguo nje-ndani mbele ya mteja na usione haya.

Katika mshono wa kuficha ndani, upindo hukunjwa mara moja tu, na ukingo wake ukamalizwa kwanza kwa mashine ya kufunga ncha au kwa utepe mwembamba. Kisha ule ukingo wa juu hurudishwa nyuma kiasi cha nusu sentimita, na sindano hufanya kazi katikati, baina ya upindo na nguo: hudona kidogo huku, hudona kidogo kule, kwa hatua za milimita 8 hadi 12. Ukiuachia ukingo ulale mahali pake, mshono umo kati ya tabaka mbili, haufikiwi na pete wala ukucha wala kisigino.

Watu wengi hudhani wa kwanza ni bora kwa kuwa ni safi pande zote. Mimi naona kwa buibui la krepi au la kitambaa cha nida lililofungwa mbele, wa pili unaushinda, na sababu ni pasi. Upindo uliokunjwa mara mbili una tabaka tatu karibu na mshono na tabaka moja juu yake, na pasi ikipita hapo, ngazi ile ya unene hujichora upande wa nje kama mstari unaozunguka nguo yote. Uzi umejificha, lakini mstari umemwambia kila mtu mahali ulipo. Upindo wa kukunja mara moja una tofauti ndogo ya unene, na kwa kuwa mshono uko chini ya ukingo wala si juu yake, ukingo hubaki huru na haukandamizi kitambaa cha nje. Kitambaa cheusi kisichong'aa huonyesha mistari ya pasi kuliko vyote, na pasi kali hukifanya king'ae palipopitiwa, na mng'ao huo ni mgumu kuuondoa.

Hesabu nayo ina sauti. Buibui lenye mzunguko wa mita 3 kwenye upindo, kwa mshono wa kuficha ndani wa sentimita 1, linataka mishono 300. Kwa mshono wa kupenyeza wa milimita 6, linataka 500. Mtu anayeshona nguo tano kwa wiki ataihisi tofauti hiyo kwenye kidole gumba.

Lakini buibui likiwa la mtindo wa wazi mbele, au nguo ikiwa ni kanzu nyeupe, hukumu hugeuka. Kanzu nyeupe ina shida yake ya pekee, kwamba kitambaa huruhusu mwanga kupita na kila kilichofichwa ndani ya upindo hujitokeza kama kivuli. Ukikunja sentimita 1 ndani ya upindo wa sentimita 4, mvaaji akisimama mbele ya mwanga utaona ukanda mmoja mweusi zaidi na mwingine mweupe zaidi. Dawa yake ni kukunja mara mbili sawasawa, sentimita 3 juu ya sentimita 3, ili upindo wote uwe na tabaka tatu kutoka chini hadi juu na kivuli kiwe kimoja kisicho na madoa. Hapo mshono wa kupenyeza hauna mpinzani, na mstari wa pasi usiotakiwa kwenye krepi unakuwa ni pambo la nguo, kwa maana kanzu hupendeza ikiwa na upindo mzito ulionyooka.

Nguo zilizokatwa kwa kupanuka chini huleta jambo jingine. Ukingo wa upindo ni mrefu kuliko mstari wa juu unakoshonewa, na ukilazimisha upindo mpana utapata vikunjo vidogo vinavyosokotana. Chagua upindo mwembamba wa sentimita 1 na nusu hivi, au pitisha uzi wa kukusanyia kwenye ukingo na uuvute taratibu hadi ulingane. Nguo iliyokatwa hanamu, yaani kwa mshazari wa nyuzi za kitambaa, iache ining'inie usiku mzima na mchana wake kabla ya kupima upindo, kwa maana kitambaa cha hanamu hushuka kwa uzito wake, na hakishuki sawa kila upande.

Satini, na kosa langu

Gauni la satini nilianza kulishona kwa mkono miaka mingi kabla sijalielewa. Nilishona upindo wa gauni la rangi ya dhahabu kwa mshono wa kupenyeza, na kila baada ya kutoa sindano nikakaza uzi kidogo, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikiamini kuwa mshono uliokazwa ndio imara. Mezani lilipendeza. Usiku wa arusi, chini ya taa za ukumbi, kila mahali sindano ilipodona palikuwa na kishimo chenye kivuli chake, vishimo mia kadhaa vilivyojipanga mstari mmoja kuzunguka miguu ya yule dada. Mama mmoja mtu mzima akanivuta kando akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona upindo huu una ndui?"

Uzi wenyewe haukuonekana. Kilichoonekana ni mvuto. Satini imefumwa kwa namna ambayo nyuzi za upande mmoja hulala juu ya nyuzi kadhaa za upande wa pili kabla ya kuzama, na ndiyo maana uso wake hung'aa: mwanga hurudi kutoka kwenye nyuzi ndefu zilizolala. Ukiuvuta hata mmoja, mwanga hukatika hapo na jicho hulijua hilo kutoka mbali. Kwa hiyo mshono wa satini lazima uwe mlegevu, uzi ukae kama uliowekwa tu bila kuvutwa, na sindano idone nyuzi za nyuma pasipo kuufikia ule uzi mrefu wa mbele. Kila baada ya mishono mitano sita, nyoosha upindo kwa mikono miwili kidogo ili uzi upate nafasi yake, na kila sentimita 10 piga mshono mmoja wa kurudi nyuma ndani ya upindo peke yake, bila kuigusa nguo. Mshono huo wa kurudi hufanya kazi ya kigingi: uzi ukikatika mahali, kitafumuka kipande hicho na si upindo wote.

Kwa ukweli, mshono bora wa satini ni ule usioigusa satini kabisa. Ikiwa gauni lina kitambaa cha pili kilicholazwa chini ya satini na kushonwa pamoja nayo kama kitu kimoja, upindo hudonwa kwenye kitambaa hicho tu, na upande wa nje haupati hata tundu moja la sindano. Hapo unaweza kutumia mshono wowote, hata ule wa msalaba nitakaoueleza, kwa kuwa hakuna cha kuonekana. Kama gauni halina tabaka hiyo, inafaa kukata ukanda wa melimeli kwa hanamu, upana kama sentimita 6, ukaulaza ndani ya upindo ili mkunjo wa chini uwe wa mviringo laini badala ya kukatika kama karatasi iliyokunjwa. Kazi huongezeka, ila gauni la arusi hupigwa picha nyingi kuliko nguo nyingine yoyote atakayoivaa mtu maishani, na kamera haisamehi.

Mshono wa msalaba kwa kinachovutika

Suruali ile ya mitumba ilikuwa na somo lake. Upindo wa kiwandani hushonwa mara nyingi kwa mashine maalumu inayotumia uzi mmoja wa mnyororo: kila kitanzi kimeshikwa na kitanzi kinachofuata. Huonekana nadhifu, lakini ukikatika na kuvutwa kutoka upande wake, hufumuka wote kwa pumzi moja, na ndiyo sababu mtu huvaa suruali nzima asubuhi akarudi jioni mguu mmoja unaburura. Mkono unaweza kufanya vyema zaidi hapa.

Mshono wa msalaba huenda kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa ncha ya sindano huelekea kushoto kila inapodona. Hudona juu kwenye nguo, huteremka kwa mshazari, hudona chini kwenye upindo, hupanda tena, na nyuzi hukatana karibu na ncha kama mifupa ya samaki. Kwa kuwa uzi umelala kwa mshazari, upindo ukivutwa nao hunyooka kidogo badala ya kukatika, na hiyo ndiyo faida ambayo mshono wa kupenyeza hauna. Kwa kitambaa cha jezi, kwa sufu nzito, na kwa kila kitambaa kinachonyumbuka, sioni mwingine wa kushindana nao. Tena msalaba hufunika ukingo uliokatwa na kuuzuia usichakae, kwa hiyo kwa kitambaa kisichofumuka nyuzi sana hutahitaji mashine ya kufunga ncha.

Ubaya wake ni upande wa ndani. Nyuzi ziko wazi, na kidole cha mguu cha mvaaji anayevaa suruali kwa haraka huingia kwenye kitanzi na kukikata. Kwa suruali, basi, usiupige juu ya ukingo. Rudisha ukingo nyuma nusu sentimita kama ulivyofanya katika mshono wa kuficha ndani, upige misalaba humo katikati, na utapata unyumbukaji wa mmoja na hifadhi ya mwingine. Suruali ile niliimaliza hivyo.

Chifoni: mkono au cherehani?

Kwenye chifoni hakuna mahali pa kujificha, kwa sababu kitambaa chenyewe ni dirisha. Kinachowezekana ni kuufanya upindo uwe mdogo kiasi kwamba jicho liuone kama ukingo wa asili wa nguo, na njia mbili hushindania kazi hiyo.

Njia ya cherehani ni kushona mstari karibu na ukingo, kukunja, kushona tena na kukata ziada, hadi upate upindo wa milimita 3 au 4. Ni ya haraka na ni imara, na kwa mtandio wa kuvaa kila siku, utakaofuliwa kila wiki, sitamshauri mtu kitu kingine. Lakini mistari ya cherehani huukaza ukingo, nao hupoteza mteremko. Mtandio hukaa begani kama uliotiwa waya.

Njia ya mkono ni kuviringa. Sindano hupita ndani ya mkunjo mdogo milimita 3 au 4, hutoka, hudona uzi mmoja tu wa chifoni chini kidogo ya ukingo uliokatwa, hurudi kwenye mkunjo. Kwa mishono mitano sita ya mwanzo uzi huachwa wazi kama ngazi ndogo, na kitu hakionekani kuwa upindo. Kisha unavuta uzi taratibu, na ukingo wote hujiviringa mbele ya macho yako, ukaumeza ukingo uliokatwa na uzi wenyewe, ukabaki uzi mnene wa kitambaa usio na mwanzo wala mwisho. Nimeifanya mara nyingi, na bado kila unapojiviringa mimi husimama kidogo nikautazama.

Gharama yake ni muda. Mtandio wa mita 2 kwa sentimita 70 una mzunguko wa mita 5 na sentimita 40, na kwa hatua ya milimita 4 hiyo ni mishono 1,350. Skafu za hariri za kampuni ya Hermès ya Ufaransa huviringwa kwa mkono namna hii, tena kuelekea upande wa mbele, ukingo ukaachwa uonekane kama pambo. Kwa mtandio wa bi arusi, au kwa hariri halisi, mkono unastahili. Kwa chifoni ya poliesta ya bei ya kawaida, mlipe fundi wa cherehani na muda wako uupeleke kwingine.

Jambo moja linazihusu njia zote mbili: chifoni haikatwi kwa kufuata chaki, kwa kuwa huteleza chini ya mkasi. Vuta uzi mmoja wa mshindio, yaani ule wa kukingama, kutoka upande hadi upande, na ukate kwa kufuata njia nyembamba iliyobaki wazi. Upindo ulioviringwa kwenye ukingo uliopinda hautanyooka kwa pasi wala kwa dua.

Kufunga palipofumuka

Mishono ya pindo niliyoitaja haifai kufungia mahali palipofumuka, mathalani ubavu wa gauni, ncha ya mto, au mwanya ulioachwa kwenye bitana ili nguo igeuzwe. Hapo kuna mshono wa ngazi na mshono wa kuzungushia, na hapa sisiti: ngazi, karibu kila mara. Kingo mbili zilizokunjwa huwekwa ana kwa ana. Sindano hupita ndani ya mkunjo wa kwanza milimita 3, huvuka moja kwa moja, hupita ndani ya mkunjo wa pili milimita 3, huvuka tena. Uzi ukivutwa, vidato vya ngazi hutoweka na kingo hukutana kana kwamba zilishonwa kwa ndani. Huu ndio mshono pekee katika makala haya unaotaka kuvutwa hadi kingo zigusane, na mtu aliyezoea ulegevu wa satini inampasa abadilishe mkono wake. Kosa la kawaida ni kuvuka kwa mshazari, kwa maana vidato vilivyolala upande huacha uzi unaochungulia kati ya kingo.

Mshono wa kuzungushia, ambao uzi wake hupita juu ya ukingo, ni wa haraka na ni imara, nao hubaki kuonekana. Uuweke kwa bitana ya mkoba na mambo ya namna hiyo.

Zipu nayo ina mshono wake wa mkono: sindano hutokea, hurudi nyuma uzi mmoja tu, huzama, na kutokea tena milimita 5 au 6 mbele, ikaacha nukta ndogo juu na mshono mrefu chini. Kwa lesi na kwa velveti ninaupendelea kuliko cherehani, kwa sababu mguu wa cherehani huzilaza nyuzi za velveti na si rahisi kuzisimamisha tena. Kwa vitambaa vya kawaida, zipu ya kuficha iliyoshonwa kwa cherehani inatosha.

Uzi, sindano na hewa yetu

Mshono sahihi kwa uzi usiofaa utaonekana. Tuseme nyeusi, rangi ambayo Mombasa tunaishona kuliko zote: kuna nyeusi yenye bluu, kuna yenye kahawia na kuna inayoelekea kijivu, na chini ya taa ya dukani zote ni ndugu. Toka na kitambaa hadi mlangoni, ulaze uzi mmoja juu yake, si kigurudumu chote, na utazame kwa mwanga wa mchana. Uzi mmoja huonekana mwepesi wa rangi kuliko unapokuwa umejazana kwenye kigurudumu, kwa hiyo usipopata unaolingana kabisa, chagua ulio mweusi au mkolevu zaidi kwa hatua moja.

Unene ufuate kitambaa. Katika sindano za mkono, namba ikipanda wembamba huongezeka: namba 10 kwa chifoni na satini nyepesi, 8 au 9 kwa krepi, 7 kwa sufu ya suti. Uzi uwe mmoja, usikunjwe mara mbili, na urefu wake uwe sentimita 45 hivi, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, kipimo kile kile ambacho wazee wetu walikiita mkono na wakakipimia nguo. Uzi mrefu kuliko huo hujisokota, hujifunga mafundo na hukwaruzika kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi, na mwisho wake hupauka. Ukipitisha uzi kwenye nta ya nyuki na kuupiga pasi kati ya karatasi mbili, nta hunyonywa na uzi hutulia. Lakini usifanye hivyo kwa satini ya rangi nyepesi, kwani nta huacha doa. Fundo la mwanzo lifichwe ndani ya mkunjo, na kwa chifoni lisiwepo kabisa: anza kwa mishono miwili midogo ya kurudi nyuma mahali patakapoviringwa.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na sindano iliyoachwa kwenye kanzu nyeupe usiku mmoja wa msimu wa mvua inaweza kuacha alama ya kutu isiyotoka. Chomoa sindano na pini zote kila unapoiweka kazi chini. Jasho la mikono nalo huchafua satini. Wengine hutia poda, nami ninaona kunawa na kukausha ni salama zaidi, hasa kwa kitambaa cheusi ambacho poda hukiachia vumbi jeupe.

Tunao pia, katika mwambao huu, ushonaji wa mkono ambao fahari yake yote ni kuonekana: kofia zinazotobolewa na kuzungushiwa uzi tundu kwa tundu, kazi ya miezi. Mtu aliyejifunza sindano kwa kofia huja kwenye pindo akiwa na mkono ulionyooka na subira, lakini lazima aache mazoea ya kukaza uzi. Kofia hutaka uzi uliokazwa hadi kitambaa kisimame, na upindo wa satini hufa kwa mkazo huo.

Pasipohitaji mkono

Leso, yaani kanga, usiishone kwa mkono. Huuzwa jozi bila kukungwa, na mafundi wenye cherehani pale Biashara Street hukunga pande zote mbili huku umesimama, kwa upindo mwembamba ulionyooka ambao hauna cha kuficha, kwa sababu macho ya watu yako kwenye pindo la rangi na kwenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kikoi nacho humalizwa kwa matamvua yake.

Ipo na gundi ya utepe inayoyeyushwa kwa pasi, na wateja huniuliza kama haitoshi. Kwa pazia, inatosha. Kwa nguo ya kuvaliwa katika joto letu, ikafuliwa na kuanikwa juani mara kwa mara, huachia vipande vipande, na pale ilipoachia huacha ukoko unaouzuia upindo mpya kulala. Satini na chifoni huzifanya ngumu, na chifoni huonyesha ukanda wa gundi waziwazi. Uzi wa nailoni usio na rangi pia huahidi kutoonekana, lakini hung'aa kwenye jua, ncha zake huchoma ngozi, na huharibika kwa pasi yenye moto. Uzi wa poliesta wa rangi iliyolingana hujificha vizuri zaidi.

Kazi ikiisha, fumua uzi wa bandi, ule wa kushikilia kwa muda, kabla ya kupiga pasi, kwa kuwa bandi iliyopigwa pasi hujichapa kwenye kitambaa. Geuza nguo nje-ndani, weka kitambaa cha pamba juu, na uikandamize pasi kwenye mkunjo wa chini peke yake, kwa kuiinua na kuishusha bila kuisukuma. Iishie kidole kimoja chini ya ukingo wa juu, pale mshono ulipo. Kisha itundike nguo, urudi nyuma hatua tatu, uitazame ikiwa na dirisha ubavuni mwake. Mwanga wa pembeni wa alasiri huonyesha kila kishimo, na kishimo ukikiona mapema bado unaweza kukilegeza kwa ncha ya sindano kutoka ndani.